Mvua ya Uluguru na akiba ya desibeli moja

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili nilipewa kazi ambayo kwenye karatasi ilionekana nyepesi: kupanga modemu ya setilaiti kwenye zahanati moja iliyoko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Ilikuwa Agosti. Jua linawaka, anga jeupe, dishi linasoma ishara safi kabisa. Nikacheza na namba kwenye skrini, nikasukuma kasi juu mpaka nikaridhika, nikapiga picha ya ile skrini, nikapanda bodaboda kurudi Morogoro mjini. Kiukweli nilijiona fundi.

Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, nikapata ujumbe: mtandao unakatika, njoo. Kufika kule kulichukua siku mbili kwa sababu barabara nayo ilikuwa imekatika. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, hakunigombeza. Alinisimulia tu. Usiku mmoja wa mvua kubwa alikuwa na mama mjamzito aliyetakiwa kupelekwa hospitali mjini. Akapiga simu kupitia ule mtandao kuomba gari la wagonjwa, ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu ikakatika kabla hajataja jina la kijiji. Ikabidi kijana mmoja apande kilima gizani, kwenye matope, kutafuta sehemu yenye mtandao wa simu wa kawaida. Mama na mtoto walipona, lakini si kwa msaada wangu.

"Injinia," akaniambia, "hiki chombo chako kinatupenda wakati wa jua tu."

Nikamwambia, "Nisamehe, sista." Sikuwa na la kuongeza, maana nilipofungua kumbukumbu za modemu nikaona kitu kilichonitia aibu zaidi. Modemu ile ilikuwa na uwezo wa kubaki hewani usiku ule. Mvua haikuwa imeizidi nguvu. Mimi ndiye niliyeipanga vibaya.

Leo nataka nikueleze nilikosea wapi. Katikati ya habari hii kuna teknolojia nzuri sana ambayo wataalamu huiita kwa herufi tatu, ACM. Ni uwezo wa modemu kubadilisha yenyewe namna inavyotuma data kulingana na hali ya hewa. Ukishaielewa, utaelewa pia kwa nini intaneti ya setilaiti wakati mwingine hupungua kasi badala ya kukata, na kwa nini nyingine hukata kabisa.

Mbona bado setilaiti?

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza: mbona kuna mkongo? Ni kweli. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo karibu mawasiliano yote ya Afrika Mashariki na dunia yalipita kwenye setilaiti. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kituo chao cha Longonot tangu 1970. Leo ukiwa mjini Morogoro huna shida: mkongo upo, na ukiinua macho kuelekea kilele cha Bondwa unaiona minara ya mawasiliano.

Lakini zunguka upande wa pili wa mlima. Mabonde ni marefu na yamejificha, na mawimbi ya mnara wa simu hayapindi kona vizuri. Kuchimba mtaro wa mkongo kwenye mteremko unaoporomoka kila masika ni gharama kubwa kwa watu wachache. Setilaiti yenyewe haijali bonde, inatazama kutoka juu. Iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, inazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo sisi tunaiona kama imesimama palepale. Unalielekeza dishi mara moja, unakaza boliti, basi.

Tatizo ni kilichopo kati ya dishi na setilaiti. Upepo unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga Uluguru upande wa mashariki, hewa inapanda, inapoa, inamwaga maji. Mji wa Morogoro umekaa upande wa kivuli cha mvua, unapata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka. Miteremko ya mashariki, kilomita chache tu kwa mstari ulionyooka, kuna sehemu hufikia karibu milimita 3,000. Na kama dishi lako linalenga setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, maana yake linatazama mashariki, kulekule mvua inakotoka.

Mimi nilipanga modemu ya mashariki kwa akili ya mjini.

Tone la mvua na urefu wa wimbi

Kwa nini mvua isumbue mawimbi ya redio wakati redio ya kawaida haijali? Jibu liko kwenye ukubwa. Wimbi la redio ya FM lina urefu wa mita tatu hivi, tone la mvua kwake ni kama punje ya mchanga mbele ya tembo. Setilaiti zinatumia mawimbi mafupi zaidi. Bendi ya C, kwenye gigahezi 4, ina wimbi la sentimita 7.5. Bendi ya Ku, kwenye gigahezi 12, ni sentimita 2.5. Bendi ya Ka, kwenye gigahezi 20, ni sentimita 1.5. Tone kubwa la mvua ya masika lina milimita kadhaa. Kadiri wimbi linavyokaribia ukubwa wa tone, ndivyo tone linavyolimeza na kulitawanya.

Wahandisi wana fomula za kukadiria hasara hiyo. Chukua mvua ya milimita 50 kwa saa, ile ambayo ukiwa garini waipa zinashindwa kazi. Kwa kila kilomita wimbi linayopita ndani ya mvua hiyo, bendi ya C inapoteza chini ya desibeli 0.1. Bendi ya Ku inapoteza kama 2.4. Bendi ya Ka inapoteza kama 5.7. Ndiyo maana vituo vikubwa vya zamani vilipenda bendi ya C na madishi yake makubwa. Sisi tunaotaka dishi dogo la kubebwa kwenye pikapu tunaangukia kwenye Ku au Ka.

Kama desibeli inakuchanganya, shika mambo mawili tu. Kushuka desibeli 3 ni kubakiwa na nusu ya nguvu. Kushuka desibeli 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi.

Sasa piga hesabu. Ishara ya Ku ikipita kilomita tatu za mvua hiyo inapoteza desibeli 7 hivi, yaani inabaki kama moja ya tano. Na si hivyo tu. Mvua yenyewe ina joto, na kila chenye joto hutoa kelele ya redio. Dishi lililokuwa linatazama anga baridi sasa linatazama maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo ishara inapungua na kelele inaongezeka, vyote kwa wakati mmoja. Tuseme kelele inatula desibeli nyingine 2. Jumla tumepoteza 9.

Kinachoamua kama data itafika ni uwiano wa ishara kwa kelele. Kwangu, siku ya jua, uwiano ulisoma kama desibeli 13. Usiku wa mvua ulikuwa unashuka mpaka 4. Kumbuka hizo namba mbili, tutazirudia.

Mwalimu chini ya bati

Wengi wetu tumesoma kwenye darasa la bati lisilo na dari. Unajua kinachotokea mvua ikianza. Mwalimu aliyekuwa anaongea haraka, sentensi ndefu, ghafla hasikiki. Ana njia tatu. Anaweza kuendelea vilevile, na hakuna atakayeelewa. Anaweza kuacha kufundisha. Au anaweza kupunguza mwendo: maneno machache, yaliyo wazi, na kila la muhimu kulirudia. Darasa linakwenda polepole, lakini linakwenda. Mvua ikipungua anarudi kwenye kasi yake.

ACM ni huyo mwalimu wa tatu. Ana vitu viwili vya kurekebisha.

Cha kwanza ni modulesheni, yaani ni "maneno" mangapi tofauti anayotumia. Chora duara kwenye karatasi, weka nukta nne mbalimbali. Kila nukta ni alama moja ambayo modemu inaweza kutuma, na kwa kuwa ziko nne, kila alama inabeba biti mbili. Hiyo ni QPSK. Ukiweka nukta nane, kila alama inabeba biti tatu, hiyo ni 8PSK. Nukta 16 zinabeba biti nne, nukta 32 biti tano. Unapata data zaidi kwa alama ileile. Lakini nukta 32 kwenye karatasi ileile zimebanana. Kelele ni kama mtu anatikisa mkono wako unapozionyesha kwa kidole. Nne utazilenga tu. Thelathini na mbili utagusa ya jirani.

Cha pili ni usimbaji, yaani ni biti ngapi za ulinzi zinazoongezwa ili makosa yasahihishwe. Ukiona 3/4 ina maana katika kila biti nne, tatu ni ujumbe na moja ni mlinzi. Ukiona 1/4, moja ni ujumbe na tatu ni walinzi. Si kurudia neno kizembe, ni hesabu nzito. Aina ya usimbaji inayotumika hapa aliibuni Robert Gallager kwenye tasnifu yake pale MIT mwaka 1960. Ikawekwa kando miaka mingi kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuimudu, ikafufuliwa miaka ya 1990. Leo inatufikisha karibu desibeli moja tu kutoka kwenye mpaka ambao Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba hakuna mfumo unaoweza kuuvuka.

Ngazi 28

Kiwango cha DVB-S2, kilichotoka mwaka 2005, kiliunganisha modulesheni na usimbaji kuwa ngazi 28. Mimi huzifikiria kama ngazi ya kupandia mnazi. Hizi ni baadhi, pamoja na uwiano wa ishara kwa kelele ambao kila moja inauhitaji, na kasi inayotoa ukiwa unatuma alama milioni moja kwa sekunde:

- QPSK 1/4: inahitaji desibeli −2.35, inatoa kilobiti 490 kwa sekunde
- QPSK 3/5: inahitaji 2.23, inatoa 1,188
- QPSK 3/4: inahitaji 4.03, inatoa 1,487
- 8PSK 3/4: inahitaji 7.91, inatoa 2,228
- 16APSK 5/6: inahitaji 11.61, inatoa 3,300
- 32APSK 3/4: inahitaji 12.73, inatoa 3,703
- 32APSK 9/10: inahitaji 16.05, inatoa 4,453

Namba hizi ni za kwenye kiwango chenyewe. Modemu halisi hudai kidogo zaidi, kwa hiyo siku ukipanga ya kwako fuata kitabu chake.

Tazama ile ngazi ya chini kabisa. Desibeli −2.35 maana yake kelele ina nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ishara, na bado data inasomeka bila makosa. Kila nikiiangalia hii namba nashangaa. Toleo lililofuata mwaka 2014, DVB-S2X, liliongeza ngazi nyingi, nyingine zikishuka mpaka karibu desibeli −10.

Zamani, bila ACM, ulichagua ngazi moja ukaifunga. Kama ulitaka kuishi usiku wa desibeli 4, ulifunga QPSK 3/5 na ukakaa na megabiti 1.2 mwaka mzima, hata Agosti. Ukiwa na ACM, siku ya jua unatembea na 16APSK 5/6, megabiti 3.3, na usiku wa mvua unashuka mwenyewe. Karibu mara tatu ya kasi, kwa upana uleule wa masafa unaoulipia.

Inafanyikaje? Zahanati inapima ishara inayoipokea na kutuma taarifa kwa kituo kikuu: "nasoma 13", "sasa 12.4", "sasa 11". Kituo kikuu kinachagua ngazi ya furushi linalofuata. Kila furushi lina kichwa kinachotaja ngazi iliyotumika ndani yake, na kichwa hicho hutumwa kwa lugha ngumu kuharibika, ili mpokeaji ajue jinsi ya kulifungua. Upande wa pili ni hivyohivyo: kituo kikuu kinapima, kinaiambia zahanati ishuke au ipande.

Nilikosea wapi

Nilifanya makosa matatu. Yote yalionekana kama akili Agosti.

*Kosa la kwanza: akiba ndogo.* Kila modemu yenye ACM inakuuliza: nisogelee mpaka wa ngazi kwa kiasi gani? Hiyo ndiyo akiba. Mimi niliandika 0.2. Kwa desibeli 13 za jua, modemu ikapanda 32APSK 3/4 na kunipa megabiti 3.7. Ndiyo picha niliyoipiga.

Sasa hapa ndipo fizikia inapoingia. Mwanga unasafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kufika setilaiti ni sekunde 0.12, kushuka ni 0.12 nyingine. Taarifa ya "mvua imeanza" inachukua karibu robo sekunde kufika kituo kikuu. Furushi la ngazi mpya linachukua robo nyingine kurudi. Ongeza muda wa kupima na kuamua, unakuta karibu sekunde nzima imepita. Muda wote huo data inaendelea kuja kwenye ngazi ya zamani.

Tuseme mvua inapiga na ishara inashuka nusu desibeli kila sekunde. Kufikia amri mpya inapofika, umeshapoteza 0.5. Akiba yangu ya 0.2 ilikuwa imeisha kabla amri hiyo haijafika. Matokeo yake, kila mvua ilipoongezeka kidogo, mafurushi yaliharibika kwa muda. Mtu anayesoma habari mtandaoni haoni. Anayepiga simu anasikia mikato.

Kanuni ni rahisi: akiba iwe kubwa kuliko kasi ya kushuka ukizidisha kwa muda wa taarifa kwenda na kurudi. Kwa mvua za kule mimi sasa siweki chini ya desibeli 1. Wahenga walisema akiba haiozi, na mimi naongeza: ya desibeli pia.

*Kosa la pili: sakafu ya juu.* Modemu pia inakuuliza ngazi ya chini kabisa inayoruhusiwa. Mimi niliandika QPSK 3/4. Nilijiambia sitaki kasi ishuke chini ya megabiti 1.5, itakuwa aibu. Rudi kwenye orodha: QPSK 3/4 inahitaji 4.03. Usiku ule uwiano ulishuka mpaka 4 na chini kidogo. Chini ya sakafu yangu kulikuwa na ngazi nyingine ambazo zingeshika bila wasiwasi, lakini nilikuwa nimezifungia mlango. Modemu ikakata.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Simu moja ya sauti iliyobanwa vizuri haihitaji hata kilobiti 40 kwa sekunde. Ngazi ya chini kuliko zote inatoa 490. Yule muuguzi hakuhitaji megabiti 1.5, alihitaji kilobiti 40 zisizokatika kwa dakika mbili.

*Kosa la tatu: ruta haikujua.* Modemu ilipokuwa inashuka ngazi, ruta iliyo nyuma yake iliendelea kuamini kwamba njia ina megabiti 3.7. Ikawa inamimina. Data inayosubiri ikarundikana ndani ya modemu. Megabaiti moja kwenye foleni inamalizika kwa sekunde 2.4 ukiwa na megabiti 3.3. Ukiwa na kilobiti 490 inachukua sekunde 16. Simu ya sauti iliyo nyuma ya foleni hiyo imeshakufa, hata kama njia yenyewe iko hai. Simu za watu zilikuwa zinapakua masasisho ya programu zao, na sauti ya muuguzi imepanga foleni nyuma yake kama kila mtu.

Sasa napanga hivi

Kwanza, dishi kabla ya skrini. Hakuna mpangilio wa modemu unaoponya dishi lililohama kidogo au kifuniko cha fidi kilichoingia maji. Kwenye unyevu wa mashariki ya Uluguru hayo ni mambo ya kila mwaka. Pima siku ya jua, andika namba, kaa nayo. Ndiyo kipimo chako cha kulinganisha masika yatakapokuja.

Pili, akiba desibeli 1 au zaidi, na kupanda kuwe kwa shida kuliko kushuka. Kushuka ngazi kufanyike mara moja. Kupanda kusubiri mpaka uwiano uzidi mpaka kwa nusu desibeli nyingine na utulie kwa sekunde kadhaa. Usipofanya hivyo modemu itacheza juu chini, juu chini, kama mtu asiyejua kama aanike nguo au aanue.

Tatu, fungua ngazi zote za chini. Zote. Dari ndiyo uifikirie. Ngazi za nukta 16 na 32 zinataka amplifaya iwe na nafasi ya kupumua, ukiisukuma mpaka mwisho inapindisha nukta za nje na zinachanganyika. Kama amplifaya yako ni ndogo, funga dari kwenye 8PSK upande wa kutuma, usijilazimishe.

Nne, kama modemu ina uwezo wa kuongeza nguvu ya kutuma yenyewe wakati wa mvua, panga nani aanze. Nguvu iongezeke kwanza, kwa kikomo ambacho hakiiumizi amplifaya, kisha ngazi zianze kushuka. Vyote viwili vikifanya kazi bila mpangilio, kimoja kinarekebisha wakati kingine kinarekebisha marekebisho.

Tano, panga kitakachotokea taarifa zikikosekana. Hili watu wengi hulisahau. Kwenye Ku tunatuma kwa gigahezi 14 hivi na kupokea kwa 12 hivi, kwa hiyo mvua inaumiza njia ya kutuma zaidi. Inawezekana zahanati inasikia vizuri lakini haisikiki, na taarifa zake hazifiki. Kituo kikuu kikidhani kimya maana yake mambo shwari, kitaendelea kumimina kwenye ngazi ya juu. Kimya kichukuliwe kama mvua: baada ya sekunde chache bila taarifa, shuka mpaka ngazi ya chini kabisa.

Sita, gawa foleni kwa kuanzia ngazi ya chini, siyo ya juu. Modemu iiambie ruta kasi ya sasa, au foleni zipangwe ndani ya modemu yenyewe. Sauti na ujumbe wa dharura vitengewe nafasi inayotosha hata kwenye kilobiti 490. Video na masasisho wagawane kinachobaki. Siku ya jua kinabaki kingi, siku ya mvua hakibaki kitu, na ndivyo inavyotakiwa.

Saba, jaribu kabla mvua haijakujaribu. Omba kituo kikuu kipunguze nguvu ya ishara yako desibeli moja moja, huku umepiga simu na unaongea. Sikiliza. Kama simu inavuka kutoka 13 mpaka 4 bila kukatika, una mtandao. Na tafadhali usisimame mbele ya fidi wakati inatuma.

Saa nane za mwaka

Kwenye mikataba ya mawasiliano utaona neno kama "upatikanaji asilimia 99.9". Inasikika vizuri. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo asilimia 0.1 iliyobaki ni saa 8 na dakika 45 hivi. Nani atalalamika kwa saa nane mwaka mzima?

Shida ni kwamba saa hizo hazigawanywi sawa. Haziji Agosti mchana wakati kila mtu anaweza kupanda bodaboda kwenda mjini. Zinakuja masika, mvua ikiwa kubwa, barabara imeteleza, mto umejaa, na hakuna anayetoka. Kilichoikata njia ya gari ndicho kilichoikata njia ya simu. Saa nane zile ndizo zahanati iliwekewa dishi kwa ajili yake.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa mtandao fulani una kasi gani, nauliza kwanza: wakati gani? Kasi ya siku ya jua inapendeza kwenye picha ya skrini. Kasi inayobaki usiku wa masika ndiyo unayoitegemea.

Baada ya kupanga upya nilipoteza megabiti 0.4 za siku ya jua, kama asilimia 11. Hakuna hata mtu mmoja aliyegundua. Masika yaliyofuata sikusubiri kuitwa, nilimpigia muuguzi mwenyewe usiku ambao mjini tuliona wingu zito limekaa juu ya mlima. Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua inagonga bati. Akasema video hazifunguki kabisa, vijana wamenuna.

Tuliongea dakika sita. Simu haikukatika.